Gobore la babu lapelekwa kwa fundi, larudi na siri za ukoo

Tangu niandike juu ya ile redio ya mbao ya mjomba, barua hazijakatika. Mmoja ana cherehani ya bibi yake, mwingine ana baiskeli ya Raleigh iliyonunuliwa kwa pesa za tumbaku, na wote swali lao ni moja: je, ni busara kumpelekea fundi kitu cha marehemu? Wengi nimewajibu kwamba ndiyo, mradi fundi asiwe mwizi. Leo naongeza sharti la pili. Muwe tayari kusikia kile kitu kilikuwa nini.

Maana mwenzenu nimetengeneza bunduki.

Msishtuke. Na wewe unayesoma gazeti hili ukiwa kaunta ya polisi, tulia kaka, ina leseni na jina lililoandikwa ni langu. Ni gobore. Kwa vijana mliozaliwa mkakuta SMG kwenye sinema, gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mbele. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unasukumia kitambaa, unatia vyuma, unakandamiza na mdeki, ndipo unaweka fataki kule nyuma chini ya nyundo. Ukishafyatua ndiyo basi. Mnyama akiwa bado amesimama, iliyobaki ni kesi ya miguu yako.

La kwetu ni refu, mimi nikisimama mdomo wa mtutu unanifika kidevuni. Kitako chake ni cha mninga, kilichongwa huko huko nyumbani Urambo baada ya kile cha asili kuliwa na mchwa. Na lina jina. Linaitwa Mjerumani. Baba alikuwa akisema "nileteeni Mjerumani" na kila mtoto anajua kinachotakiwa ni nini. Hadithi yake tulilishwa pamoja na uji: kwamba baba yake babu, shujaa huyo, Septemba 1916 Wabelgiji walipokuwa wanaingia Tabora na Wajerumani wanakimbia, alimkuta Mjerumani mmoja porini, akamkaba, akamnyang'anya bunduki. Kila mjomba alikuwa na toleo lake. Kuna toleo ambalo Mjerumani alilia. Mimi nililipenda hilo.

Baba alifariki mwaka 2019. Sasa hapa wapo wanaodhani bunduki inarithiwa kama ng'ombe, kwamba matanga yakiisha unabeba unaondoka. Thubutu! Leseni ya bunduki si ya ukoo, ni ya mtu, na mtu akifa silaha inakwenda polisi kwanza. Hata gobore. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haikuangalia kama bunduki yako ni ya kisasa au ni ya enzi za misafara. Kikao cha ukoo kikaniteua mimi mtoto mkubwa wa kiume niombe. Fomu ikaanza mtaani, ikapanda kata, ikapanda wilaya, nikachovya vidole kwenye wino, nikasubiri. Sitawachosha na habari ya kusubiri, maana hata ninyi mna vitambulisho.

Ila mdogo wangu hakufurahi. Yeye ndiye anayeishi kijijini, ndiye mwenye shamba, ndiye anayekesha na nguruwe pori. Mimi niko Dar. Siku ya kikao alisimama mbele za wazee akaniuliza, "Kaka, naomba nikuulize kwa heshima. Kule Dar es Salaam wewe utakuwa unalinda nini na bunduki? Mbu?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini niliona kwamba yeye hakuwa anacheka.

Ili mwelewe alikuwa na uchungu wa nini, niwarudishe nyuma kidogo kwenye bunduki ya kwanza.

Bunduki yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya mabua ya mtama. Watoto wa Unyamwezi wa wakati wetu hatukununuliwa midoli, bua lilikuwa ndilo duka. Ukilimenya unapata miwani, gari, ng'ombe mwenye pembe, na bunduki. Bunduki ya bua haipigi kitu, sauti unatoa mwenyewe kwa mdomo, na ndiyo ilikuwa inaleta ugomvi, kwa sababu unaempiga anakataa kufa. Ya pili ilikuwa manati, na hiyo ilipiga: njiwa, mijusi, na dirisha moja la mwalimu ambalo mpaka leo linasemwa alilivunja mtoto wa jirani.

Ya tatu ndiyo Mjerumani mwenyewe. Mwaka 1981, nikiwa na miaka 13, baba alinichukua kwenda kulala naye kwenye dungu. Dungu ni kile kichanja cha miti kinachojengwa juu juu katikati ya shamba, mnalala huko mazao yakianza kukomaa. Nguruwe pori hali kama mbuzi, hadonoi. Anakuja na familia, wanaangusha bua zima, wanang'ata hindi mara moja, wanahamia bua jingine. Usiku mmoja wa nguruwe unaweza kuwa ndiyo ada ya shule ya mwaka.

Kabla ya giza baba alinifundisha. Sikuguswa na kelele ya somo, nilichokumbuka ni jinsi alivyobadilika sauti. Mtu aliyezoea kutufokea kwa jambo dogo, akishika gobore alikuwa anaongea taratibu kama anayembembeleza mtoto mchanga. "Mdeki ukishatumika unaupeleka wapi?" Chini, baba. "Nionyeshe." Nikaulaza chini. "Kwa nini?" Ili nisiusahau ndani ya mtutu. "Ukiusahau?" Nitapiga mdeki, baba, na tutabaki bila mdeki. "Na bila mtutu pengine. Na fataki unaiweka lini?" Mwisho. "Mwisho lini?" Nikimwona mnyama. Akanyamaza. Nikafikiri nimekosea. Kumbe jibu halikuwa limetimia. "Ukimwona mnyama mzima," akasema. "Si majani yanayotikisika. Si macho. Mnyama mzima."

Walikuja usiku wa manane. Kwanza husikii mlio, unasikia mahindi yakivunjika, kah, kah, kama mtu anavunja kuni. Kulikuwa na mbalamwezi. Baba alinipa nafasi, akakaa nyuma yangu, kifua chake mgongoni kwangu, kwa sababu alijua nitaanguka. Nikamwona mmoja amesimama ubavu, mzima, mpaka mkia. Fataki ikaingia. Nikavuta triga. Kwanza ikasikika "ta" ndogo ya fataki, halafu kama nusu ya pumzi ya kimya, ndipo ukaja mshindo. Wazee wangu! Moshi mweupe ukafunika dungu zima, nikawa sioni mkono wangu, na harufu ya mayai yaliyooza. Baba nyuma yangu anacheka mpaka anakohoa. Nguruwe hatukumpata. Asubuhi tuliona damu kidogo, na mahindi yale hayakuguswa tena kwa wiki mbili.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa bado ananyonya. Alipofikia umri wa kwenda dunguni, baba alikuwa ameshaacha kulitumia gobore. Alilitundika juu ya mlango wa chumba chake, akawa analinda shamba kwa madebe na mbwa. Tulipomuuliza alisema baruti imekuwa ghali. Kwa hiyo mwenzangu hajawahi kupewa lile somo la mdeki hata mara moja.

Leseni ilipotoka, nikaenda kulichukua. Kituo sitakitaja. Nasema tu kwamba kitu kilichoingia kikiwa na kutu ya kawaida, kilitoka kikiwa na rangi ya tofali. Lilikuwa limesimamishwa kwenye kona ya stoo yenye paa linalovuja. Nyundo haikwenda mbele wala nyuma. Kitako kimepasuka. Nikasaini.

Fundi niliyempata ni mzee, ana cheti chake cha kazi ya silaha ukutani ndani ya fremu, na nawashauri mkienda kwa fundi wa bunduki mtafute hicho cheti kwanza kabla ya kutafuta bei. Wako wanaochonga magobore kwa mabomba ya maji huko porini, na wako wenye vidole vitatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye gobore. Akaniuliza swali moja.

"La kupiga au la kutundika?"

Nikamwambia sijajua. Akasema basi kijana, tusubiri lenyewe liseme.

Hakulishika kama mnavyofikiri. Kwanza alichukua fimbo nyembamba ya mbao, akaitumbukiza mdomoni mwa mtutu mpaka ikagota. Akaweka alama kwa kidole, akaitoa, akailaza juu ya mtutu kwa nje. Fimbo ikaishia kabla ya kufika kule mwisho ambako fataki inawekwa. Pungufu kama urefu wa kidole cha kati. Akaniangalia.

"Hili limeshindiliwa," akasema.

Nikamwambia haiwezekani mzee, limetoka polisi.

"Nimesikia. Na mimi nakwambia lina chakula tumboni."

Jamani. Lile gobore lilikaa juu ya mlango wa baba miaka na miaka, tukapita chini yake harusi na misiba, likabebwa kwenye basi kwenda kituoni, likasimama kwenye stoo ya silaha, likabebwa tena kwenda kwa fundi, siku zote hizo lina baruti na vyuma. Na baruti ile nyeusi ya zamani haina cha kuzeeka, ikiwa kavu hata miaka mia inawaka. Mzee akanitoa nje. Akamimina maji ndani ya mtutu, akaliacha limelala ndoo mdomoni siku mbili, ndipo akachukua fimbo yenye skrubu kwenye ncha, kama kizibuo cha chupa ya mvinyo, akaanza kuvuta.

Kikatoka kitambaa. Vikatoka vipande vya nondo na misumari miwili iliyokatwa vichwa. Kikatoka kitambaa cha pili. Halafu tope jeusi.

Kile kitambaa cha kwanza kilikuwa kaki. Nikakisuuza. Kilikuwa na kifungo cha zipu, na pembeni ya zipu uzi mweupe ulioshonwa kwa mkono, msalaba msalaba. Ile kaptula naijua. Ni ya kwangu, ya darasa la sita, na ule uzi ni wa mama.

Nikampigia mama simu jioni ile. Nilidhani atalia au atacheka. Alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo hakuitoa." Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Usiku mmoja baba alikuwa dunguni peke yake, mahindi yakawa yanatikisika, akasikia kah, kah. Akaweka fataki, akalenga, akasubiri amwone mnyama mzima. Kikainuka kitambaa kichwani. Alikuwa mama mmoja wa jirani, anatafuta mbuzi wake. Baba akatoa fataki, akashuka, akamsaidia kutafuta mbuzi mpaka wakampata. Yule mama hakujua kitu mpaka anakufa. Baba alirudi nyumbani alfajiri, akatundika gobore, akasema baruti imekuwa ghali.

"Mwambie huyo fundi wako alifanye bubu," mama akasema. "Atie risasi ya kuyeyusha humo ndani, azibe. Silitaki liongee."

Haya. Mama anataka bubu, mdogo wangu anataka nguruwe, mimi niko katikati na bili ya fundi.

Kazi ya kutu sasa. Mimi nilifika na msasa wangu niliounua dukani, nimejiandaa kusugua. Mzee aliutupa nje ya mlango. Akasema msasa unang'arisha chuma na kufuta kila kilichoandikwa, ndiyo maana bunduki nyingi za marehemu unazikuta zinameremeta kama sufuria lakini hazina la kusema. Yeye alitumia mafuta ya taa, brashi laini ya shaba, vitambaa, na uvivu wa makusudi. Anapaka, anaacha. Kesho anafuta, anapaka, anaacha. Nyundo ililegea siku ya tisa. Mpasuko wa kitako aliuunganisha kwa gundi na pini ya mbao, halafu akakipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, akakisugua kwa kiganja mpaka mninga ukarudisha ule wekundu wake. Nta nilimletea mwenyewe, na nta ya Tabora haina mpinzani, mseme mtakavyo.

Wiki ya tatu akaniita. Pale nyuma ya mtutu, upande wa kushoto, kutu ilikuwa imeachia alama. Duara lenye umbo la yai. Ndani yake herufi tatu, ELG, na kinyota chini yake.

"Hili si la Mjerumani," mzee akasema.

Alama hiyo, wasomaji, ni ya mji wa Liège, Ubelgiji. Huko kulikuwa na ofisi ya kujaribu mitutu, na mtutu ukifaulu unagongwa muhuri huo. Nikampigia mdogo wangu. Akaruka: "Unaona! Si Wabelgiji ndio walioingia Tabora 1916? Basi babu alimnyang'anya Mbelgiji! Mbona ndiyo bomba zaidi!" Nilitamani iwe hivyo. Lakini mzee alikuwa na la kuongeza. Kuanzia mwaka 1893 muhuri wa Liège uliongezwa taji juu yake. Letu halina taji. Kwa hiyo mtutu huu uligongwa muhuri kabla ya mwaka huo, zaidi ya miaka ishirini kabla ya vita.

Na kusema kweli ningepaswa kusita siku nyingi, kwa sababu hao Wajerumani hawakupigana na magobore. Mwaka 1914 askari wao wengi hapa walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, inayofunguliwa kwa nyuma. Ilikuwa imepitwa na wakati, ilitoa moshi unaomchongea mpigaji, lakini haikuwa ya kushindilia. Ndiyo waliyokuwa nayo wengi wao kwenye vita vya Tanga Novemba mwaka ule. Bunduki mpya walizipata kwa Waingereza waliokimbia Tanga, na nyingine zilikuja na meli iliyopenya mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwaka 1915. Meli ilishambuliwa ikazama kwenye maji mafupi, wakaopoa shehena, risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa na kukaushwa. Hao ndio watu wa kutengeneza vitu vya zamani, si mimi na kitako changu. Na jeshi lililotoka Kongo nalo lilikuja na bunduki za risasi. Gobore mikononi mwa mzungu wa mwaka 1916 ni sawa na kumkuta rubani anapanda punda.

Sasa gobore la Ubelgiji lilifikaje Urambo? Kwa njia ile ile zilizofika nyingine. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za risasi, miaka ya 1860 na 1870, zile za kushindilia zikabaki bila kazi, zikauzwa bei ya kutupa, na mafundi wa Liège na Birmingham wakaendelea kutengeneza nyingine za bei poa kwa ajili ya soko la Afrika. Zikashuka Unguja, zikavuka Bagamoyo, zikapanda na misafara mpaka Tabora. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 na ndiye Urambo imebeba jina lake, alijenga dola lake kwa vijana wenye magobore. Msiri alitoka Unyamwezi akaenda kutawala Katanga kwa magobore hayo hayo. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia silaha kuingia, lakini zilizoingia zilikuwa zimeshaingia.

Na bei ya gobore Tabora wakati ule haikuwa shilingi. Ilikuwa pembe za ndovu. Au watu.

Nilipeleka habari hizi nyumbani kama mtu anayepeleka zawadi. Nilikuwa na picha ya muhuri kwenye simu, nikaizungusha. Wazee wakabishana, mjomba mmoja akasema muhuri unaweza kughushiwa. Shangazi yangu, dada yake baba, ana zaidi ya miaka 80 na macho hayaoni vizuri. Aliniomba simu, akaisogeza karibu na uso, akanirudishia. Nadhani hakuona kitu.

"Mjerumani gani mnayemtafuta?" akasema. "Mimi nimelelewa na bibi yangu, mke wa huyo mnayemwita shujaa. Alifariki mimi nikiwa sijavunja ungo. Aliniambia mwaka wa njaa msafara ulipita. Huyo babu yenu, kijana wakati huo, alitoka asubuhi na mdogo wake wa kike. Jioni akarudi na bunduki."

Hakuna aliyekohoa. Kuku alikuwa anapita katikati ya viti, tukamwangalia yeye.

Mjomba mmoja akajaribu: "Labda alimpeleka kwa ndugu..."

"Jina nililo nalo mimi," shangazi akasema, "ndilo lake. Mnadhani nilipewa kwa sababu ni zuri?"

Jina sitaliandika hapa gazetini. Ni la kawaida kwetu, kila nyumba mbili tatu yupo mmoja. Nimeishi miaka yote hii nikimwita shangazi kwa jina hilo kwenye kadi za harusi bila kujua linatoka wapi, na ile hadithi ya Mjerumani aliyelia nimewasimulia wanangu mwenyewe.

Wa kwanza kuongea alikuwa mdogo wangu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hataki tena. Nguruwe wale, wamalize shamba, yeye hataki. Gobore lirudishwe polisi, wanapoteketeza silaha zinazosalimishwa, na lenyewe liteketezwe. Mama akaitikia kwa kichwa. Nikaona jambo limekwisha, na nilipata nafuu.

Shangazi akauliza, "Mtateketeza nini?"

"Gobore, shangazi."

"Kitu pekee kilichorudi nyumbani siku ile. Yeye hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna mti, hakuna aliyejua alifika wapi, Bagamoyo au alifia njiani. Mnataka kuchoma na hicho?"

Kikao kiliendelea mpaka saa nne usiku na sitakiandika chote. Wapo waliosema shangazi kazeeka. Mjomba wa muhuri alisema habari kama hizi hazina faida kwa vijana wanaotafuta wachumba. Mama alikuwa bado anataka lizibwe.

Fundi ndiye aliyetupunguzia mada moja. Nilipomrudia alikuwa ameshamulika mtutu kwa ndani na kioo. Pale nyuma, mahali baruti inapolipukia, na mahali ambapo ile shehena ya baba ilikaa miaka yote, kutu imekula vishimo, na kimoja kimekaribia kutokea nje. Akagonga kwa kifundo cha kidole sehemu nzima, halafu akagonga pale, nisikie tofauti. Likitiwa baruti leo litamfungukia mpigaji usoni. Akasema anaweza kupachika mtutu mwingine wa kisasa, apige ndani ya wiki.

Nikamwambia aache. Hakuziba kwa risasi ya kuyeyusha. Alitoa kile kichuchu cha fataki, akanipa mkononi nikiweke mbali na bunduki, na mama amekubali hilo baada ya kukiona na kukishika mwenyewe. Hata hivyo anakihifadhi yeye, kwenye kopo la vifungo, na ule uzi wa kaptula uko humo humo.

Gobore liko kwangu, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kama leseni inavyotaka. Halikutundikwa. Wanangu waliniuliza kwa nini tumetumia pesa zote zile kutengeneza kitu halafu tunakificha, nikawakalisha chini nikawaeleza, kuanzia dungu mpaka msafara. Binti yangu wa mwisho aliuliza yule msichana alikuwa na umri gani. Ilibidi nimpigie shangazi. Shangazi alisema bibi alimwambia alikuwa ndiyo ameanza kubadilisha meno.

Mdogo wangu hatujagombana. Juzi alinitumia ujumbe: nguruwe wameingia tena, robo ya shamba imelala chini, anaomba nimchangie mabati chakavu ya kuzungushia na mbwa wawili. Nimemtumia. Akanijibu asante, akaniuliza kama ule mdeki bado upo, maana ni mrefu na mgumu na unafaa kugongea madebe. Nimemwambia upo, na nikija Pasaka nitamletea.